Volti Zinazoliwa Njiani

Kila mtu alinishauri ninunue redio mpya. Kwa Bibi, hapa Sepuka, nyumba yetu haina umeme wa nguzo. Tuna paneli ndogo juu ya bati, betri ya volti 6, na kiboksi cha kushusha volti hizo ziwe 5 kwa ajili ya redio ya Bibi na taa ninayoandikia riwaya. Tangu nimalize kidato cha nne, riwaya hiyo ndiyo kazi yangu, ukiacha shamba la alizeti. Nilikuwa nimetunza elfu arobaini za kuchapishia mswada Singida mjini. Redio mpya ingezimeza zote.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi: mchana redio inaimba bomba. Jua likizama inakwaruza, ukiongeza sauti inazima, na taa inafifia kama kibatari. Fundi mmoja mnadani alichomoa redio, akapima kiboksi saa sita mchana, mita ikasoma 5. "Kiboksi kizima, dogo. Redio ndiyo imekwisha."

Bibi akacheka. "Maiti haiimbi asubuhi, mjukuu wangu."

Neno hilo ndilo lililonifanya niazime mita kwa mshikaji wangu. Nikapima usiku, redio ikiwa inaimba. Maana, msomaji, kupima bila mzigo ni sawa na kumpima punda nguvu akiwa amelala. Betri: 6.3. Baada ya dayodi ya ulinzi: 5.6. Mguu wa kutokea wa regyuleta: 4.1.

Regyuleta ilikuwa 7805, ile ya miguu mitatu inayopatikana kila mahali. Haiwezi kutoa 5 mpaka ipewe takribani 7, kwa sababu transista zake za ndani zinahitaji karibu volti 2 za ziada ili zifanye kazi. Mchana paneli inaipandisha betri mpaka kwenye 7, mambo poa. Usiku betri inabaki na chake, na regyuleta inakula ushuru wake vilevile. Haikuwa mbovu. Iliwekwa mahali pasipo pake.

Ipo jamii nyingine ambayo ushuru wake ni mdogo. LM2940, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, inakula nusu volti ikibeba ampea 1, na mzigo ukiwa mdogo inakula pungufu zaidi. Siri yake ni transista ya aina ya PNP mlangoni. (Kuna AMS1117 nayo inauzwa kwa sifa hizohizo, lakini inakula zaidi ya volti 1. Jina lisikuzuge.) Niliagiza LM2940 Kariakoo, ikaja na basi. Miguu yake imepangwa sawa na ya 7805, kwa hiyo nilichomoa moja nikachomelea nyingine.

Mita ikasoma 5. Redio ikapiga mluzi!

Bibi akaniangalia. Sikulala. Karatasi ya maelezo, niliyoisoma kwenye simu, ilisema LM2940 inataka kapasita isiyopungua mikrofaradi 22 upande wa kutokea, la sivyo inatetemeka yenyewe kwa yenyewe. Kiboksi kilikuwa na ya 0.1. Nikang'oa ya 47 kwenye televisheni iliyokufa zamani, nikaiweka karibu kabisa na mguu. Mluzi ukakata.

Ilibaki dayodi, iliyokuwa inakula 0.7 bure. Nikaweka ya shotki, 1N5819, inayokula karibu nusu ya hapo. Sasa hata betri ikishuka kwenye 5.8, kiboksi kinasimama kwenye 5. Chini ya hapo ni kuiua betri tu, yenye seli tatu za volti mbilimbili, kwa hiyo nazima.

Vifaa vyote havikufika elfu tano. Sura nane za mwanzo zimeshachapwa. Ya tisa naiandika usiku huu, na Bibi amepandisha sauti ya taarifa ya habari mpaka napoteza sentensi.