Mlango wa Masahihisho

Hapana kazi ya mikono ya mwanadamu isiyokuwa na kosa. Nyumba huwa na ufa wake, kitabu huwa na herufi yake iliyopotea, na sheria huwa na tundu lake. Kazi njema haipambanuki na kazi mbaya kwa kukosa kosa. Hupambanuka kwa kuwa kosa lake laweza kuonekana, kufikiwa na kuondolewa pasipo kuivunja kazi yenyewe. Jambo hili nimelifundisha katika usomaji wa miswada kwa miaka mingi, lakini nimeliona wazi zaidi mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili hatarajiwi kufika: katika vibao vidogo vya umeme vyenye kompyuta ndani yake, na katika vyombo ambavyo mafundi huvichungulia navyo.

Vibao hivi vimetuzunguka. Vimo katika mashine ya kufulia, katika mita ya umeme, katika gari na katika pampu ya maji. Katikati ya kibao hukaa chipu iliyobeba prosesa, na prosesa hufuata programu, amri baada ya amri, mamilioni kwa sekunde moja. Kompyuta ya mezani ina kioo cha kujibia na vitufe vya kuulizwa. Kibao aghalabu hakina hiki wala hivi. Kikikosea, hukosea kimya. Fundi hutazama kipande cheusi mfano wa ukucha, na wala haoni ndani yake kinachokwenda wala kilichokwama. Atajuaje lililotokea?

Jibu la kwanza lilikuwa la kishujaa. Mwaka 1974 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iliyoitwa 8080, yenye miguu 40, na mwaka 1975 ikatoa chombo cha kuichungulia kilichoitwa ICE-80. Fundi aliing'oa prosesa katika kitako chake, na mahali pake akachomeka plagi yenye miguu ile ile 40, iliyounganishwa kwa nyaya na mashine kubwa kando. Mashine hiyo ilifanya kila ambacho prosesa ingefanya, na kibao kiliendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuiga, naona jina la kiigaji lakifaa. Lakini kiigaji kilikuwa na adabu ambayo prosesa haikuwa nayo: kiliambiwa simama, kikasimama, kiliambiwa nenda hatua moja, kikaenda hatua moja, kiliulizwa ulipita wapi, kikaonyesha nyayo zake.

Zama za kung'oa hazikudumu. Mwendo wa prosesa ulizidi hata urefu wa waya wenyewe ukawa kizuizi. Kumbukumbu iliyokaa nje ya chipu ilihamia ndani, na habari zilizokuwa zikipita hadharani zikaanza kupita chumbani. Miguu ya chipu ikawa midogo, ikashikizwa kwa risasi moja kwa moja juu ya kibao, na mingine ikafichwa chini ya tumbo. Nani ataling'oa jino lililoota ndani ya mfupa?

Basi mafundi walifanya jambo la hekima. Walipoona kuwa hawawezi tena kuingia kwa nguvu, waliiumba chipu pamoja na mlango. Mwaka 1985 liliundwa kundi lililoitwa Joint Test Action Group, na mwaka 1990 kazi yake ikawa kanuni rasmi. Nia ya kwanza ilikuwa kupima kama viungo vya kibao vimeshikana vema. Waya 4 zilitosha: mmoja wa kupiga mapigo ya saa, mmoja wa kuongoza, mmoja wa kuingizia habari na mmoja wa kutolea. Baadaye watengenezaji waliutumia mlango ule ule kwa kuichungulia prosesa yenyewe, na kampuni ya ARM ikaupunguza hata waya 2 zikatosha. Kiigaji cha leo hakiigi tena. Jina limebaki, kazi imegeuka: ni kisanduku kidogo kinachobisha hodi, na anayejibu yumo ndani ya chipu.

Waliomo ndani ni wa namna tatu. Wa kwanza ni kituo, yaani mahali katika programu ambapo prosesa huamriwa kusimama. Kituo chaweza kuwekwa kwa kuifuta amri ya asili na kuandika amri ya kusimama mahali pake. Lakini programu ya kibao aghalabu hukaa katika kumbukumbu ambayo haifutwi neno moja moja, bali fungu zima, na ambayo huchakaa kwa kufutwa. Kwa hivi kikawekwa kituo cha maunzi: sehemu ya chipu iliyoshika anwani moja na kuilinganisha na kila amri ipitayo, pasipo kugusa hata herufi ya programu. Wa pili ni mlinzi. Huyu hatazami amri. Hutazama mahali katika kumbukumbu, na mtu yeyote akipasoma au akipaandika humkamata. Wa tatu ni mweka nyayo, ambaye humo katika chipu zilizo kubwa zaidi, na ambaye huandika njia iliyopitwa bila kumsimamisha mpitaji.

Vituo na walinzi ni wachache, maana kila mmoja hula nafasi ya chipu. Uchache huu ni mwalimu. Mwenye vituo 1,000 angeviweka kila mahali, asifikiri. Mwenye 4 hana budi kujiuliza kwanza: nashuku nini, na kwa sababu gani?

Haya niliyajua kwa ajili ya mayai. Mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, alimtengenezea mama yake, ambaye ni dada yangu, mashine ya kutotolesha vifaranga. Kibao kilitakiwa kushika joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21. Siku ya 17 joto lilipanda usiku, na mayai 60 yakaharibika. Mayai yale yalikuwa ada ya muhula ya mdogo wake. Kijana alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akasema, "Mjomba, sikuja kuomba fedha. Mama ameniuliza kilichoua mayai yake, na maneno yote niliyo nayo ni ya Kiingereza."

Nilimwambia kuwa neno halitangulii maarifa. Tulitafute kosa kwanza, jina litakuja. Alikuwa amekwisha jaribu njia ya kawaida: kuongeza katika programu amri za kutoa taarifa, ili kibao kiseme kinachofanya. Kila alipoziongeza, ugonjwa ulitoweka. Alipoziondoa, ulirudi. Ndipo akaleta kibao cha pili cha namna ile ile, akakigeuza kuwa mchunguzi, na kwa waya 2 pamoja na waya wa ardhi akakiunganisha na mwenzake. Chipu yao, RP2040, ilitoka mwaka 2021, nayo ina prosesa 2, kila moja ina vituo 4 na walinzi 2. Aliweka mlinzi mmoja tu, mahali palipoandikwa joto linalotakiwa. Tukangoja. Usiku wa pili, mlango wa mashine ulipofunguliwa na kufungwa, prosesa ikasimama. Mwizi alikamatwa mkono ungali mfukoni.

Programu ilikuwa imetenga nafasi 10 za kuandikia vipimo vya joto. Kufunguliwa kwa mlango kulileta kipimo cha ziada, na kipimo cha 11, kwa kukosa nafasi, kiliandikwa katika nyumba ya jirani. Jirani huyo alikuwa joto linalotakiwa. Zile amri za taarifa zilipoongezwa, nyumba zilisogezwa, na kipimo cha 11 kikaangukia mahali patupu. Kosa halikuwa limepona, lilikuwa limehama.

Hapa nilisimama mimi, kama prosesa. Nimekusanya maneno ya lahaja katika vijiji vya pwani, na najua kuwa mzee akiona kalamu na kinasa sauti huacha Kimtang'ata chake akasema kama redio. Mtafiti huondoka na daftari lililojaa, akidhani amesikia, kumbe kuwapo kwake kumefukuza alichokifuata. Uchunguzi unaokibadili kinachochunguzwa ni mkubwa wa jasho na mdogo wa faida. Mlinzi wa ndani ya chipu apita wachunguzi wote kwa adabu: yupo, haonekani, haongezi neno.

Hata hivyo mlango huu una hatari mbili. Prosesa ikisimamishwa, dunia haisimami. Kama kipasha joto kilikuwa kimewashwa, hubaki kimewashwa fundi akiwa katika tafakari. Ndiyo sababu kijana aliyatoa mayai kwanza, akafunga taa ndogo mahali pa kipasha joto. Hatari ya pili ni kuwa mlango wa tabibu ni mlango wa mwizi pia. Anayeweza kusoma kumbukumbu ili aiponye aweza kuisoma ili aiibe. Kwa hivi chipu nyingi hupewa kufuli ambalo hufungwa kabla ya kibao kwenda sokoni. Kufuli ni jema. Lakini aliyelifunga kwa namna isiyofunguka amejinyima dawa yake mwenyewe siku ya ugonjwa.

Dada yangu alielezwa kwa maneno ya kituo, mlinzi na nyumba ya jirani. Hakuuliza neno hata moja mara ya pili. Alisema, "Kumbe chungu kilijaa kikamwagikia cha mwenzake," kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa shahada ya pili wangejivunia: "Na huyo mlinzi, utamwacha humo au utamtoa?" Kijana alijibu kuwa nafasi za vipimo zimewekewa mpaka, na mlango wa mlinzi umeachwa wazi kwa siku nyingine. Wako wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya namna hii. Mimi nasema mzigo haukuwa wa lugha. Ulikuwa wa msemaji kutojua bado alichotaka kusema.

Chipu iliyoumbwa bila mlango, ikiugua, hutupwa. Haiulizwi, haijibu, wala haifunzi kitu. Ndivyo ilivyo kwa shule isiyo na mahali pa mwanafunzi kusema kuwa hakufahamu, kwa kamusi isiyorudiwa, na kwa chama kisicho na mkutano wa kukosoana. Mlango wa masahihisho hautobolewi baada ya kosa kutokea, kwa kuwa wakati huo ukuta umekwisha kauka. Hukatwa mapema, siku za unyenyekevu, na mjenzi anayekubali kuwa yeye pia ni mwanadamu.