Sufuria ya Mama

Msomaji wangu kijana, bila shaka umepata kusikia watu wakisema kwamba kinachomzuia maskini kufanya biashara ni mtaji. Mimi pia nilisema hivyo zamani. Walakini nimelelewa Dandora, mashariki ya jiji la Nairobi, na huko nimeona watu wenye mtaji wakifunga maduka yao, tena nimeona mwanamke asiye na kitu ila sufuria akisomesha watoto watatu. Mwanamke huyo ni mama yangu. Nataka kukueleza jinsi alivyoipata kazi yake, maana hakuipata kwa bahati.

Yakupasa kwanza kuujua mtaa wenyewe. Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970, kwa mradi ulioungwa mkono na mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975. Watu hawakujengewa nyumba kamili. Viligawiwa viwanja kama 6,000 vyenye maji na mahali pa choo na bafu, kisha kila mwenye kiwanja akaachiwa kujenga vyumba kwa nguvu zake. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha kuuzunguka ua mmoja. Basi jamaa nzima hulala, hula na hupika katika chumba kimoja, na jiko la makaa chumbani humo ni moshi, ni joto, na ni gharama. Likumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo lililotulisha.

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, nasi nyumbani tukashangilia. Mwaka uliofuata nikaingia kidato cha kwanza, na karo ya sekondari ilikuwa bado palepale. Mama akaanza kuuza sukuma wiki kando ya njia itokayo kituo cha matatu. Kwa nini sukuma wiki? Kwa sababu wanawake sita walioketi njia ile waliuza sukuma wiki. Aliwaona wanauza, akadhani wateja wapo. Hakuona kwamba wateja hao wamekwisha kugawanywa mara sita. Akawa wa saba. Jioni majani yakawa ya manjano, nasi tukayala wiki nzima, jina la mboga ile likatimia kwa njia asiyoitaka. Muhula wa pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Katika ua wetu alikaa mzee mmoja aliyenunua vitu kwa waokotaji wa jaa kubwa la taka la Dandora. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari yameendelea kumwaga taka humo hata baadaye. Waokotaji wake hawaokoti ovyo kama mgeni adhaniavyo: huyu huokota plastiki, huyu karatasi, huyu chuma. Mzee wetu alinunua mifupa tu. Jioni moja mama akamwuliza, "Mzee, mbona hununui chuma kama wenzako? Chuma kina bei."

Mzee akajibu, "Kwenye chuma, binti yangu, kuna mizani kumi. Kwenye mifupa kuna huu wangu."

Kesho yake mama hakuuza kitu. Alikwenda kituoni saa ya jioni, akaketi mikono mitupu, nami kando yake na daftari langu la hesabu. Aliniagiza nipige mstari kwa kila kitu alichobeba mtu aliyetoka kazini: unga, nyanya, mkate, makaa. Tulifanya hivyo siku sita. Niliona aibu kubwa, maana wanafunzi wenzangu walipita wakaniuliza kama nimeajiriwa na serikali kuhesabu watu. Siku ya sita mama akatazama daftari, akasema, "Hapana maharagwe." Kweli, ukurasa mzima ulikuwa na mistari minne tu ya maharagwe, ijapokuwa kila mtu ajua kwamba maharagwe ni rahisi kuliko nyama na hushibisha kuliko mboga. Akawauliza majirani sababu. Mmoja akamjibu kwa kicheko, "Mama, maharagwe yanakula makaa kuliko sisi tunavyoyala maharagwe."

Pengo lilikuwa hapo. Mtu anayefika saa moja usiku kutoka Eneo la Viwanda hawezi kungoja saa tatu maharagwe yaive, wala hataki kuchoma mkebe mzima wa makaa kwa ajili ya mlo mmoja. Lakini mkebe huo, ukiongezwa kidogo, huivisha sufuria kubwa. Mama alinunua gorogoro mbili za maharagwe kwa shilingi 160. Makaa na maji yakachukua shilingi 60. Alipata vikombe 36 vilivyochemshwa, akauza kila kimoja shilingi 10. Fanya hesabu mwenyewe. Mnunuzi alikwenda kukaanga kitunguu chake tu, akala.

Sitaki udhani kwamba mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Jumamosi moja niliachiwa sufuria niitazame, nami nikatazama kitabu. Maharagwe yakaungua hadi harufu ikafika njiani. Mama aliyamwaga yote, akakaa mahali pake na sufuria tupu, akimweleza kila mteja aliyekuja kwamba leo hakuna. Nilimwomba achanganye yale ya juu na maji mapya ayauze, hakunijibu. Baadhi ya wateja hawakurudi tena.

Wala pengo halikai wazi milele. Kabla ya mwaka kwisha, sufuria nyingine nne zilikuwa zinachemka njia ile. Mama hakugombana na wenyewe. Aliwaendea wenye vibanda vya chakula, akawapelekea maharagwe alfajiri ili wao wasiwashe moto usiku. Wengine hawapati nafasi ya kugeuka hivyo. Palikuwa na watu waliofua katika Mto Nairobi mifuko ya plastiki iliyookotwa jaani, wakaiuza tena. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko hiyo ilianza, na kazi yao ikakoma. Mama naye alitikiswa Februari 2018, ukataji wa miti uliposimamishwa na makaa yakapanda bei sana. Gharama yake ilipanda. Lakini waliokuwa wakijichemshia nyumbani nao walishindwa, wakaja kwake.

Mimi sasa ni mwalimu. Nasikia vijana wakishauriwa waanze biashara ya kitu wakipendacho, nami shauri hilo hunitia mashaka, kwa kuwa mama hapendi maharagwe hata leo. Kwa hiyo darasa langu hulituma kituoni na daftari. Mwaka jana, wakati wa masika, mvulana mmoja aliniletea hesabu ya ajabu: kati ya watu 50 waliofika kituoni asubuhi kupanda matatu, 31 walikuwa wakikwangua tope viatuni kwa kijiti. Nikamwambia aipeleke hesabu hiyo nyumbani.

Jumatatu iliyofuata nilipita kituoni mvua ikinyesha. Nikamkuta mama yake ameketi juu ya kreti, na ndoo mbili za maji, brashi na kitambaa. Alinisalimu, "Karibu, mwalimu." Nikainua mguu.