Kidachi cha Babu, Chasu cha Bibi

Kidachi cha kwanza kuingia masikioni mwangu nilikisikia Kifaru, chini ya mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, kinywani mwa babu yangu mzaa baba, ambaye katika ujana wake alipata kuwa kibarua wa Wadachi, yaani Wajerumani, katika reli ile iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 na kusogezwa kidogo kidogo chini ya milima ya Usambara na ya Upare hata ikafika Moshi. Naye, kwa kuwa hakuketi darasani hata siku moja, hakubakiwa na kitu katika lugha ile ila hesabu ya moja hadi kumi, tusi moja ambalo bibi alimkataza kulitamka mbele ya watoto, na neno schnell, ambalo alitufokea kila tulipochelewa kurudi na mbuzi. Sikujua kwamba maana yake ni "upesi". Nilidhani ni jina la fimbo.

Kifaru yenyewe ni mahali pa kupita. Abiria wanaotoka Moshi kwenda Same huiona dirishani, tambarare kavu yenye upepo na vumbi, milima ya Ugweno ikiwa upande mmoja kama ukuta wa kijani ambao mvua zake hazitushukii sisi wa chini. Lakini kwa mtoto mwenye masikio palikuwa mahali pa neema, maana lugha zilimiminika pale kutoka kila upande. Bibi alikuwa ameolewa kutoka Suji, Upare ya Kusini, na Chasu chake, lugha ya huko, hakikuwa na doa. Majirani walioteremka kutoka mlimani walisema Kigweno, ambacho kimekaribiana na Kichaga kuliko kilivyokaribiana na Chasu, ingawa sote huitwa Wapare. Wamaasai walipita na ng'ombe wao. Na manamba wa mashamba ya mkonge, waliotoka katika nchi zisizohesabika, walikutana katika Kiswahili kilichokuwa na chumvi ya kila kabila. Nilihama kutoka lugha hii hadi ile kama mtu anayehama kivuli jua linaposogea, wala hapakuwa na aliyeihesabu hali hiyo kuwa elimu, mimi mwenyewe nikiwa wa mwisho.

Katika shule ya kati niliyosoma, ambayo sina haja ya kuitaja, palikuwa na kibao cha mti chenye kamba, ambacho mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivikwa shingoni mpaka amnase mwenzake. Na mwenye kubaki nacho jioni alichapwa. Nilikivaa mara nyingi kiasi cha kuyazoea maumivu yake, ila somo lake lilinizama: kwamba Kiingereza ni elimu, Kiswahili ni nchi, na Chasu ni kosa. Hayo niliyaamini kwa dhati kwa miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1974, miaka miwili isiyotimia tangu serikali yetu ilipoitambua rasmi Ujerumani ya Mashariki, nilipata nafasi ya masomo huko. Niliomba uhandisi, wagawaji wa nafasi wakanipa lugha. Nililia usiku mmoja, kisha nikafunga sanduku. Nilifika Leipzig mwezi wa Septemba, nikiwa na koti la kuazima, nikapelekwa katika chuo kiitwacho Herder-Institut, ambako kila mgeni, awe tabibu wa kesho au fundi wa migodi, alifunzwa Kidachi kwanza. Darasani kwetu walikuwamo Wavietnamu, Wachile waliokimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1973, vijana wa Mali na wa Gine, na Wareno weusi, kama tulivyowaita kwa mzaha ndugu zetu wa Msumbiji na Angola. Na kwa muda wa miezi mitatu ya mwanzo hatukuwa na lugha ya kusaidiana ila ile tuliyokuwa hatujaijua.

Siku moja ya baridi kali, kituoni pa tramu, nilisikia nyuma yangu neno la babu. Nilishtuka nikasogea, kama mwili ulivyonifunza. Kumbe alikuwa bibi kizee akimhimiza mjukuu wake apande, na neno lile, lililokuwa fimbo kule Kifaru, lilimtoka kwa sauti laini, mkono wake ukiwa juu ya kofia ya mtoto. Nilibaki nimesimama hata tramu ikaondoka bila mimi. Babu alikaa na Wadachi miaka mitatu, akalisikia neno hilo, yamkini, mara elfu, lakini hakubahatika kulisikia likisemwa na mtu mwenye huruma.

Baada ya mwaka huo niliingia chuo kikuu chenyewe, ambacho zama zile kilibeba jina la Karl Marx, na ambacho mnara wake wa mita 142 wenyeji waliuita jino la hekima. Kando yake palikuwa mahali ambapo kanisa la chuo, lenye umri wa karne nyingi, lilibomolewa kwa baruti tarehe 30 Mei 1968, na ambapo wazee walipita wakitazama chini. Mji huo huo ndio uliowatuma wamisionari wa Kilutheri waliojenga Shighatini, juu ya vichwa vyetu Kifaru. Nilikuwa nimesafiri mabara mawili ili nifike mahali ambapo watu wake walikwisha kufika kwetu kabla babu hajaoa.

Masomo yangu yalikuwa Kifaransa na Kireno, pamoja na elimu ya kufasiri, katika idara iliyokuwa na sifa kubwa kwa kazi ya wanazuoni kama Otto Kade na Albrecht Neubert, walioishika tafsiri kama ilmu yenye kanuni zake, si kama kipaji cha watu wachache. Hatukufasiri mashairi. Tulifasiri mikataba ya mashine za kusokota nyuzi, taarifa za bandari, maagizo ya dawa za ng'ombe. Na mwalimu wetu mmoja alikuwa akisema kwamba mfasiri akikosea shairi atasamehewa, lakini akikosea kipimo cha dawa ng'ombe atakufa katika lugha zote mbili.

Kireno kilinichekesha kabla ya kunifunza. Mwalimu aliandika mesa, nikaona ni meza yetu; akaandika lenço, nikaona leso ya mama; bandeira ikawa bendera, vinho ikawa mvinyo, na alipofika katika igreja, akaeleza kuwa ni nyumba ya ibada, mimi nililisikia gereza, nikacheka peke yangu hata nikaulizwa kulikoni. Nikalazimika kusimama na kueleza, kwa Kidachi kilichokuwa bado kinachechemea, jinsi kanisa la Mreno lilivyogeuka kuwa jela katika kinywa cha Mswahili. Wenzangu wa Msumbiji, ambao wakati ule nchi yao ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, tarehe 25 Juni 1975, walipiga meza makofi kwa furaha, wakasema Waswahili walikuwa na macho.

Ama Kifaransa, mwalimu wake alikuwa bwana mwenye miaka hamsini na kitu, aliyeweza kuvitaja vituo vya treni ya chini ya ardhi ya Paris kimoja baada ya kingine, mstari baada ya mstari, na harufu ya mkate wa asubuhi katika mitaa fulani, naye hakupata kuikanyaga Ufaransa asilani, wala hakuruhusiwa. Alitufunza nchi nzima kutoka vitabuni, kama kipofu anayesifu nyumba aliyopapasa kuta zake zote. Sisi wageni, kwa pasi zetu za Kiafrika, tuliweza kuvuka mpaka wakati wa likizo. Na mwaka 1977, kwa fedha nilizozipata kwa kufanya kazi kiwandani, nilikwenda Paris siku sita. Nilipovikuta vituo vyake vyote mahali pake, nilihisi haya, kana kwamba nimeiba kitu chake. Nilimrudishia tiketi moja ya treni ile, iliyokwisha tobolewa. Aliitia katika mfuko wa koti bila kusema neno, akaendelea na somo. Lakini siku ile alikosea kitenzi kimoja, na hakuna aliyemsahihisha.

Walakini Kifaransa nilichokisema hakikuwa cha Paris wala cha mwalimu wangu. Kilikuwa cha bwenini, cha vijana wa Bamako na Conakry, waliokoroga wali na kubishana juu ya mpira hata usiku wa manane, kama vile Kireno changu kilivyokuwa cha Nampula kabla hakijawa cha Lisbon. Na kwa hiyo lugha za Ulaya nilizotumwa kuzisoma Ulaya nilizipokea kutoka mikononi mwa Waafrika, zikiwa zimekwisha kuvaliwa na kulegea. Sijutii. Mpaka leo Mfaransa akinisikia huniuliza kama nimetoka Mali, nami huona ni sifa.

Katika mwaka wa tatu, nikitafuta kitabu kingine kabisa katika maktaba, niliangukia kile kilichonigeuza. Kilikuwa kitabu cha kijivu kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1909, Grammatik des Chasu in Deutsch-Ostafrika, cha Ernst Kotz, mmisionari wa Wasabato, ambao wa kwanza wao walifika Upare ya Kusini mwaka 1903. Nilikaa nacho sakafuni, kati ya makabati. Lugha iliyonitia kibao shingoni ilikuwa imepangwa pale kwa ngeli na nyakati, kwa majedwali yaliyonyooka, na tahajia yake ikielezwa kwa taadhima ile ile waliyoitumia kuelezea Kilatini. Na mimi, mjukuu wa mama wa Suji, nisingeweza kukisoma hata ukurasa mmoja lau nisingeletwa Leipzig nikafunzwa Kidachi. Niliona fahari na hasira kwa pamoja, wala sijui ni ipi iliyotangulia.

Tangu hapo sikuweza tena kusoma lugha za Ulaya kama nilivyokuwa nikizisoma. Nilipoambiwa kwamba Kifaransa na Kireno ni ndugu, watoto wa Kilatini, nilifikiri mara moja kwamba wa- ya Kiswahili ni va- katika Vaasu, na kwamba ki- yetu ndiyo cha Chasu, nikaona kuwa udugu huu nilikuwa nikiutembea kila siku kati ya mkwaju wa babu na kisima, bila kuambiwa kuwa ni ilmu. Wenzangu wa Kizungu walilalamika juu ya jinsia tatu za nomino za Kidachi. Mimi niliyekulia katika ngeli nyingi kuliko hizo niliona ni mlango mdogo tu. Kila Jumamosi, kwa miezi minane, nilikwenda kukinakili kitabu kile kwa mkono, nikijaza madaftari manne, kwa sababu hakikuruhusiwa kutoka.

Niliporudi Dar es Salaam mwaka 1979 kazi ilikuwapo, maana Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao pale, na Kireno na Kifaransa vilihitajika kila juma. Baadaye nilihamia Arusha, katika mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mauaji ya Rwanda. Niseme machache juu ya hiyo. Nilikaa katika kibanda cha wakalimani, nikipokea Kifaransa na kutoa Kiingereza. Shahidi alisema Kinyarwanda, mwenzangu akakitia katika Kifaransa, kisha zamu ikanijia. Lakini kabla Kifaransa hakijafika, sikio langu lilikuwa limekwisha kusikia abantu, na viambishi vyake vikanigonga kama hodi ya jamaa, nikaelewa nusu ya jambo ambalo sikuwa na ruhusa ya kulielewa bado. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, ina sehemu inayohusu taabu hizo za tafsiri, na mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aliitwa kufafanua maneno kama Inyenzi. Katika lugha zote mtu angeweza kusema ni mende, na asingekosea, na asingekuwa amesema kitu. Nilimkumbuka babu na fimbo yake.

Mwanzoni mwa 2020, baada ya kuwatembelea watoto Dar es Salaam, nilirudi nyumbani kwa treni ya abiria, iliyofufuliwa mwezi mmoja tu uliotangulia baada ya kukoma miaka mingi. Nikashuka Same, nikamalizia kwa basi hadi Kifaru, nikiwa na madaftari yangu manne katika mkoba. Mkwaju haupo. Dada yangu mkubwa yupo, na ndiye pekee katika nyumba yetu aliyebaki na Chasu cha bibi, kwa kuwa hakupelekwa shule yenye kibao. Wajukuu zake husema Kiswahili, na mmoja anasoma Kifaransa chuo kikuu. Alinisomea kidogo, nami nikamwambia lafudhi yake ni ya vitabuni, akanuna.

Jioni moja nilimfungulia dada daftari la pili, nikamsomea orodha ya maneno. Mengi aliyapokea kwa kutikisa kichwa tu, mikono yake ikichambua maharage. Nilipofika katika neno moja alisimama.

"Hilo sijalisikia tangu bibi atutoke," akasema. "Tena hujalisema. Umepandisha sauti mahali pa kushusha. Unasema kama Mdachi."

"Ndivyo lilivyoandikwa, dada."

"Wewe umeandika, au umesikia?"

Nikalisoma tena. Akakataa. Nikalisoma mara ya tatu, nikishusha, akakataa vilevile, akalitamka yeye, polepole, kidole kikionyesha sauti inapoteremka. Mara ya nne hakusema kitu, akarudi katika maharage yake. Nami nikachukua kalamu ya risasi, nikatia alama ndogo juu ya silabi, katika daftari la Leipzig.