Sumaku Haikuwa na Makosa

Bedsita yetu ya Pipeline ilikuwa na meza moja, na meza hiyo ilikuwa na wenyewe wawili. Kaka yangu ni DJ. Mimi nilimaliza chuo 2019, nikahamia kwake "kwa muda tu", nikiwa na begi, godoro na kompyuta ya mkono wa pili niliyoinunua Luthuli. Spika zake mbili zilikaa juu ya meza, wufa ikakaa chini. Kasha la kompyuta lilikosa pa kukaa, kwa hivyo nikalisimamisha chini ya meza, likabanana na wufa kama abiria kwenye matatu ya jioni.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kazi yangu ya kunukuu mahojiano, kazi iliyokuwa ikilipa nusu ya tokeni za stima. Mlikuwa pia na folda niliyoiita Kukhu. Desemba iliyotangulia nilikuwa nimekaa na nyanya yetu huko Kakamega, simu ikiwa mezani, akinisimulia maisha yake huku akipukuchua mahindi. Rekodi 14. Alifariki miezi mitatu baadaye. Simu ilipojaa nilihamisha rekodi zote kwenye kompyuta nikazifuta kwenye simu. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, lakini ilinichukua muda kuliona.

Kosa nililoliona mimi lilikuwa sumaku. Kila mtu anajua spika ina sumaku, na kila mtu ana jirani wa kumwambia kwamba sumaku inafuta kompyuta. Nyumbani tulikuwa na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mrefu. Siku moja Baba aliweka spika ya redio kando yake, na shavu moja la msoma habari likageuka zambarau. Nilikuwa na miaka saba. Sumaku ikabaki kichwani mwangu kama kitu cha kuogopwa.

Kwa hivyo nilipoona kompyuta inakwama kila kaka akiongeza besi, nilijua adui ni nani. Nilinunua foili ya jikoni, ile ya kufungia kuku, nikalivisha kasha upande mzima uliotazama wufa. Kaka aliporudi aliangalia akacheka.

"We kijana, unaoka kompyuta?"

"Nazuia sumaku, bro."

Foili ya alumini haizuii sumaku ya spika hata kidogo. Hilo sikulijua. Nililoona ni kwamba wimbo ukiisha, faili zilifunguka kama kawaida, na besi ikirudi, kila kitu kinaganda tena. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuisoma.

Jumamosi moja kaka alikuwa akitayarisha miksi ya harusi. Nyumba nzima ilikuwa ikitetemeka, hata vijiko kwenye kikombe. Nikasikia sauti kutoka kwenye kasha: tak, tak, tak. Kioo kikawa cheusi. Niliwasha tena mara tano. Tak, tak, tak.

Nilimwambia kaka jambo ambalo bado linaniuma. Nilimwambia, "Umemuua Kukhu mara ya pili."

Hakujibu. Alizima wufa, akachomoa waya, akatoka nje kwenye kibaraza akasimama akiangalia nguo za majirani. Kukhu alikuwa nyanya yake pia. Yeye ndiye aliyelelewa naye mpaka darasa la nne, si mimi.

Jumatatu nilipeleka diski kwa fundi mmoja mjini, kwenye kile kibanda cha ngazi ya pili ambapo watu watatu wanagawana kaunta moja. Nikamweleza habari ya sumaku. Hakunicheka. Alichukua diski nyingine iliyokufa zamani, kwa sababu ya kwangu hakutaka kuifungua vumbi liingie, akafungua mfuniko. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kama kioo na mkono mdogo kama ule wa santuri. Kisha akabandua kipande cha chuma pembeni, bisibisi yake ikanaswa tap.

"Hii ndiyo sumaku, mkubwa. Imo ndani ya diski yenyewe, inchi moja kutoka kwa data yako. Kali kuliko hiyo ya wufa. Kama sumaku tu ingefuta, diski ingejifuta kiwandani."

Akanieleza kwamba ile sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma huelea juu yake kwenye pengo jembamba kuliko unywele mara maelfu. Ukiitikisa, kichwa kinapoteza njia, diski inasubiri, inajaribu tena, na wewe unaona kompyuta imekwama. Ukizidi kuitikisa, siku moja kichwa kinagusa sahani.

"Kwa hivyo ni wufa iliiua?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo.

"Siwezi kukuapia. Hii diski ni mzee. Lakini mzee ukimtingisha kila siku, usishangae akianguka."

Baadaye niliyasoma mambo haya mwenyewe na nikakuta sisi wawili si washamba peke yetu. Mwaka wa 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizipigia kelele diski za kampuni, kwa mdomo tu, na grafu ikaonyesha zikichelewa kujibu. Mwaka wa 2016 benki moja kule Bucharest ilijaribu mfumo wake wa kuzima moto. Gesi ilitoka kwa mlio mkubwa kiasi kwamba diski ziliharibika na huduma zikakatika kwa saa kama 10. Na mwaka wa 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kisa cha laptopu za zamani zilizozima zikipigiwa "Rhythm Nation" ya Janet Jackson. Wimbo huo ulikuwa na sauti iliyolingana na mtetemo wa asili wa diski zao. Hata laptopu iliyokaa kando, isiyocheza chochote, ilizima. Nilipomsomea kaka hilo la mwisho aliomba nirudie.

Na ile televisheni ya Baba? Hiyo sumaku iliionea kweli. Televisheni za mgongo zilichora picha kwa miale ya elektroni, na sumaku huipinda miale hiyo. Kaseti na zile diski laini za zamani pia zilikuwa na haki ya kuogopa. Hofu yetu ilikuwa ya kweli, ila ya enzi nyingine. Tuliirithi pamoja na stuli na sufuria.

Fundi aliisoma diski polepole kwa siku tatu, kipande kwa kipande. Alipata rekodi 9 kati ya 14. Zilizopotea ni pamoja na ile ya jinsi Kukhu alivyotembea kwa miguu kwenda kumwona mumewe hospitalini. Naikumbuka kwa jumla, lakini maneno yake mwenyewe yameenda. Fleshi ya kuhifadhi zote 14 ingenigharimu chini ya pesa ya chakula cha siku mbili. Wufa haikunikataza kuinunua.

Nilipofika nyumbani nilimwambia kaka nimekosa. Alisema, "Ni sawa," halafu akauliza zilizobaki ni zipi.

Jioni hiyo tulipanga chumba upya. Kompyuta ilihamia upande wa kitanda, juu ya kreti ya soda, mita moja na nusu kutoka kwa wufa. Tuliacha nafasi ya shubiri moja nyuma yake ipumue, maana joto nalo huua. Wufa tuliitoa kwenye kona, kwa sababu kona huzidisha besi, tukaiwekea vipande vya slipa kuukuu chini ya miguu yake minne. Jirani wa chini alikuja kutushukuru kabla hatujamweleza chochote. Diski mpya niliyonunua ni SSD, haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo besi haiitishi. Hata hivyo rekodi za Kukhu sasa ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye fleshi iliyo kwa Mama Kakamega, na kwenye intaneti. SSD nayo hufa, hufa kimya kimya tu.

Simu pia tulizihamisha kutoka kando ya spika, ingawa hazidhuru kitu. Mama akipiga, spika zilikuwa zikikoroma dit-dit-dit kabla simu haijalia. Kaka alikuwa akisema, "Mama huyo," na mara nyingi alipatia. Hilo nimelikosa kidogo.

Kitu kimoja sikukitarajia. Rekodi zile zilikuwa na upepo, kuku na mlio wa mahindi yakianguka kwenye beseni. Kaka alizichukua, akazisafisha usiku baada ya usiku, kwanza kwa hedifoni, kisha kwa spika zake, kwa sababu alisema hedifoni zinamdanganya. Nilikuwa nimelala nikasikia Kukhu akikohoa kutoka kwenye wufa, sauti nzito, kama yuko chumbani. Kaka alipunguza sauti haraka akageuka kuangalia kompyuta.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa, bro. Ongeza kidogo."