Dakika Tano, Dakika Kumi na Mbili

Ugomvi ulianza Jumapili moja, saa tatu kasoro usiku, nilipotolewa nikiwa na wafalme wawili mkononi. Kutolewa si shida, hiyo ndiyo poka. Shida ni kwamba nilikuwa nimebaki na chipu 1,400 (si zile za kula) na blaindi zilikuwa tayari 100/200. Blaindi kubwa saba tu. Ukifika hapo huchezi tena: unaweka zote ama unatupa karata. Nikaweka zote, jamaa akanifuata na saba na tisa, ikaisha hivyo. Tulikuwa tumecheza dakika 26.

Ligi yetu ina watu wanane, wengi tulijuana chuoni kabla sijaacha. Kila mtu anatumia mweka hazina soo mbili kwa M-Pesa. Mshindi anabeba 1,000, wa pili 600.

Kama hujawahi kucheza, blaindi ni chipu ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka mezani kabla hata ya kuona karata. Lazima zipande, la sivyo mchezo utakesha. Sisi tulikuwa tunaanza na chipu 1,500 na blaindi 10/20, zinapanda kila dakika tano. Sasa piga hesabu. Mtandaoni, dakika tano ni migao mitano au sita hivi. Meza ya watu wanane haijamaliza hata mzunguko mmoja na bei ishapanda. Halafu kutoka 25/50 tunaruka moja kwa moja hadi 50/100, mara mbili, kama kodi ya nyumba ya mtu asiyekupenda.

Nikaandika kwenye grupu kwamba tuweke dakika 12. Nikawaambia kule Las Vegas, kwenye Main Event ya World Series of Poker, kiwango kimoja ni saa mbili nzima. Jibu likaja haraka: "Buda, hao hawana zamu."

Aliyejibu huingia kazini saa nne usiku, na lazima awe kwa matatu saa tatu na nusu. Akaongeza: "We huna pa kwenda kesho. Ndio maana unataka tucheze polepole."

Maze, hiyo iliniuma. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Mwaka wa tatu nilipewa wiki mbili kumaliza salio la karo, na nilikuwa na nusu. Nilikuwa nangoja mwezi mmoja tu, kuna pesa ya mjomba ilikuwa njiani. Ofisi ikasema wiki mbili ni wiki mbili. Ile nusu nikanunua laptopu ya mtumba na nikaanza kuandikia watu mtandaoni. Tangu hapo nikisikia saa yoyote inahesabu kurudi nyuma, tumbo linakaza. Lakini yeye naye saa yake inahesabu, na mimi sikuwa nimewahi kuiuliza.

Tulibishana siku tatu. Mweka hazina ndiye alikuja na kitu cha maana: mchezo huwa unaisha pale chipu zote mezani zinapotosha kama blaindi kubwa 20 hivi. Zetu ni 12,000, kwa hivyo mwisho ni 300/600. Anza hapo, rudi nyuma. Viwango vinne vya kwanza dakika kumi kumi, vilivyobaki dakika sita. Mimi nikaomba tuingize 35/70 kati ya 25/50 na 50/100. Mtandaoni hakuna chipu za plastiki za kubadilishana, namba yoyote inawezekana. Wakakubali. Tukiingia saa mbili kamili, 300/600 inafika saa tatu na dakika kumi.

Jumapili iliyofuata nilitupa karata karibu nusu saa nzima bila presha. Tukabaki wawili, mimi na msee wa zamu. Saa tatu na robo alinimaliza, akaandika "niko kwa steji," akapotea.

Ile 600 nilinunua tokeni za stima.