Nyumba Yenye Mbwa Iwekwe Sakafu Gani?



Tangu ushirika wa Alhamisi uanze kufanyika nyumbani kwetu hapa Kitengela, swali ninaloulizwa sana si la mahubiri. Ni la sakafu. "Pasta, mna mbwa wawili ndani na nyumba hainuki. Mliweka nini?" Wengine mnauliza kwa sababu mnajenga. Wengine mnauliza kwa upole tu kwa sababu bado hamjakubali kwamba mtumishi wa Mungu anaweza kulala nyumba moja na mbwa. Leo nitawajibu wote, kwa hivyo tafuta chai yako ukae.

Kwanza, kwa nini wako ndani. Mbwa wa jirani walikuwa wakilala kibandani nje, wakatupiwa nyama yenye sumu, na kabla ya kucha wezi walikuwa wameruka ukuta. Baada ya hapo mimi na Mama Mchungaji tukaamua kwamba Simba na Popi watalala ndani, kwenye korido. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuja mama yangu mzazi alipohamia kwetu.

Mama ana miaka 78. Alilelewa kwenye nyumba ya udongo iliyosiribwa samadi ya ng'ombe, ikifagiliwa kila alfajiri, na mbwa hakuthubutu kuvuka kizingiti. Siku ya pili aliniita kando akasema, "Mwanangu, mimi na mbwa tukanyage sakafu moja? Nirudishe tu nyumbani." Hakuwa anatania. Na kule nyumbani angekuwa peke yake, na magoti yake yameanza kumsumbua.

Nikamsikiliza vizuri nikaelewa kwamba shida si mbwa tu. Mama huamka saa kumi usiku kuomba, na huomba akiwa amepiga magoti sakafuni, bila mkeka, mara nyingine paji la uso likigusa chini. Kwake sakafu ni madhabahu. Ningeweza kumfungulia maandiko, lakini mtu anayesema sakafu ni chafu hajibiwi kwa aya. Anajibiwa kwa sakafu.

Wakati huo nyumba ilikuwa simiti tupu, kwa hivyo tulikuwa na nafasi ya kuchagua. Mke wangu alitaka taili zile zinazong'aa mpaka unajiona uso. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Lakini zikipata maji kidogo tu, mate ya mbwa, bakuli lililomwagika au mkojo, zinakuwa kama sabuni. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, maisha ya nyumba nzima yanabadilika, na wengi wenu mmeuguza wazazi mnajua. Hata mbwa mwenyewe huteseka. Kucha hazishiki, miguu inatawanyika, na mbwa mzee mwenye viungo vibovu huogopa hata kusimama. Hivyo tulikubaliana kuchukua taili za porselini zisizo na mng'ao, zenye uso wa kukwaruza kidogo. Kwenye maelezo ya kiwandani utaona alama kuanzia R9 hadi R13. Kadiri namba inavyopanda ndivyo utelezi unavyopungua. Kama muuzaji hajui hiyo alama, omba kipande kimoja, kimwagie maji, ukikanyage palepale dukani. Mimi nilifanya hivyo na watu wakanicheka.

Porselini ina faida nyingine: hunyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hivyo mkojo haupenyi ndani. Unapopenya ni kwenye mistari kati ya taili na taili. Mwambieni fundi aache mistari myembamba, na grauti ikishakauka ipakwe dawa ya kuziba. Fundi wetu alisema hiyo ni kazi ya mahoteli. Nikamwambia hoteli haina Popi.

Rangi nayo ifikiriwe. Udongo wetu hapa ni ule mweusi unaonata kama ugali wakati wa mvua, na nyayo nane za mbwa wawili zinaubeba wote. Nyeupe ni kujitafutia huzuni. Tuliweka kijivu.

Mbao za lamineti sizishauri. Mkojo ukiingia kwenye maungio, zinavimba na hazirudi. Zulia la ukuta hadi ukuta pia hapana, maana mayai ya viroboto hudondoka kutoka kwa manyoya ya mbwa yakakaa humo, na utamtibu mbwa kila mwezi huku zulia likizalisha wengine. Wewe unayepanga, ule mkeka wa mbao wa plastiki unakufaa, mradi uwe kipande kimoja bila viungo katikati ya chumba, na uuinue pembeni mara kwa mara uone kama kuna unyevu chini.

Sasa chumba cha Mama. Tulimwuliza anataka nini. Akasema anataka simiti nyekundu, kama ya nyumba ya misheni aliyokuwa akifagia akiwa msichana. Fundi alinitazama kunisihi nikatae. Tuliiweka. Simiti laini iliyotiwa rangi nyekundu, na nta kidogo sana, kwa maana nta nyingi nayo huteleza. Mlangoni tukaweka kigeti kifupi cha mbao. Mbwa hawaingii humo, na huo ndio mkataba wetu.

Kuosha kwenyewe nilijifunza kwa dada anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa hivyo sifa zimwendee yeye. Matope usiyapanguse yakiwa mabichi, utayasambaza tu. Yaache yakauke, ufagie, kisha ndipo maji. Mvua ikinyesha kuna beseni na tambara mlangoni, na mbwa anafutwa nyayo kabla ya kupita. Maji ya kisima kirefu huku kwetu ni ya chumvi, yanaacha weupe kwenye taili, kwa hivyo suuza ya mwisho ni ya maji ya mtungi, kidogo tu, halafu sakafu inakaushwa kwa tambara. Kazi hiyo hufanywa Mama akiwa nje anaota jua, na harudi ndani mpaka pawe pakavu.

Kuhusu mkojo naomba mnisikilize. Usimwage klorini juu yake, ile tunayong'arishia nguo nyeupe. Mkojo una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu, hasa kwenye chumba kilichofungwa. Sabuni zenye amonia nazo humnukia mbwa kama mkojo, kwa hivyo anarudi palepale kuongeza. Nyonya mkojo kwanza kwa tambara kavu, ukibonyeza bila kusugua. Osha kwa maji na sabuni. Kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache dakika chache, usuuze. Hiyo ni kwa taili tu. Siki hula simiti, terazo na marumaru. Kama harufu hurudi kila siku za unyevu, ujue mkojo ulikauka ukaacha chembe ambazo maji matupu hayayeyushi. Tafuta dawa ya vimeng'enya kwa wauzaji wa vifaa vya mbwa. Na dawa yoyote ya kuua vijidudu isuuzwe na ikauke kabla mbwa hajapita, kwa sababu atajilamba nyayo.

Lakini sakafu safi haisaidii kama mbwa ana minyoo. Mayai ya minyoo ya mbwa huja na kinyesi, na klorini haiyamalizi. Aina inayosumbua watoto zaidi huchukua kama wiki 2 au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hivyo kinyesi kiokotwe uani kila siku, na mbwa apewe dawa kila miezi 3. Yale mapafu na maini ya bucha tunayowanunulia yachemshwe. Mbwa akila mabichi yenye uvimbe hupata mnyoo wa haidatidi, na mayai yake yakimwingia mtu humwotesha uvimbe kwenye ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameumia sana na ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Na kwa yule mpendwa aliyeacha kuja Alhamisi kwa sababu mbwa ni najisi: ninakuheshimu. Ila soma tena Mathayo 15, habari za yule mwanamke Mkanaani. Neno la Kigiriki pale linamaanisha mbwa wadogo, wale wa nyumbani, na mwanamke anawataja wakila makombo yaangukayo mezani pa bwana zao, ndani. Hakuna aliyemrekebisha kwa hilo. Mengine tutaongea ukija.

Mama bado yuko kwetu. Hawapendi mbwa, msije mkasema nimemgeuza. Popi anamwita "yule mgeni." Lakini magoti anapiga kila alfajiri kwenye simiti yake nyekundu, na siku hizi naona kipande cha ugali kikirushwa juu ya kigeti akidhani hakuna anayemtazama.

Alhamisi hii ushirika ni saa kumi na mbili jioni. Anayeogopa mbwa anijulishe mapema, tutawafungia uani. Viatu mtaviacha mlangoni, na mkiona sakafu ina maji, msubiri ikauke.