Fred Perry, mchezaji aliyerudi na mikro

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa kambini alinisimamisha kando ya uwanja. Kwao kijijini alikuwa anacheza winga ya kushoto. Siku ya kukimbia vita aliumia goti, na tangu hapo hachezi tena. Akaniuliza: « Kaka, kila juma unasema michezo mu redio. Mutu mwenye hawezi tena kucheza, ile inamusaidia nini? »

Sikuwa na jibu. Usiku nikamkumbuka Fred Perry.

Perry alizaliwa mwaka 1909 Stockport, Uingereza, mji wa viwanda vya pamba. Baba yake alifanya kazi kiwandani kabla ya kuwa mbunge. Kijana alianza na tenisi ya meza, akawa bingwa wa dunia mwaka 1929. Kisha akaingia kwenye tenisi ya uwanjani, akashinda Wimbledon mara tatu mfululizo: 1934, 1935 na 1936. Ndiye mwanaume wa kwanza kupata mataji yote manne makubwa: la Uingereza, la Marekani, la Australia na la Ufaransa.

Lakini wakubwa wa mchezo walimdharau kwa sababu ya ukoo wake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1934, akiwa anaoga baada ya fainali, alimsikia mkubwa mmoja wa klabu akimfariji Jack Crawford, aliyeshindwa, kwamba yeye ndiye aliyekuwa bora. Tai ya uanachama Perry aliikuta imeachwa kwenye kiti. Mwishoni mwa 1936 alipoanza kucheza kwa malipo, uanachama ukaondolewa, na Wimbledon ikafungwa kwake. Mwaka 1938 akawa raia wa Marekani.

Alirudi kwa mlango mwingine. Kwa miaka mingi baada ya vita aliketi Wimbledon na mikro, akiwaeleza wasikilizaji wa redio ya BBC mchezo ulivyokwenda. Mwaka 1984 klabu ile ile ikamsimamishia sanamu. Alifariki mwaka 1995.

Nilipomsimulia kijana, alinikatiza: « Ule alienda kwa mapenzi yake. Sisi tulikimbia. »

Ni kweli, sikubishana. Perry alifuata pesa, na hakuna aliyemchomea nyumba. Nilimwambia jambo moja tu: goti limeumia, lakini macho yanayojua kwa nini beki amechelewa bado yako mzima nayo. Nikampa mashine yangu ya kurekodi wakati vijana wakicheza.

Mwanzo sauti ilitetemeka. Baada ya goli la kwanza alisahau kwamba ameshika kitu. Alitaja wachezaji wote kwa majina, na kijiji cha kila mmoja. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kidumu cha maji alisimama aliposikia kijiji chake kinatajwa.

Juma hili sauti mutakayosikia kwenye michezo ni yake.